Usiku wa Mvua Chini ya Kilima cha Mulago

Ndugu msomaji, mtu akiitaja Mulago popote katika Uganda, msikilizaji hufikiri kwanza juu ya ugonjwa. Si ajabu, kwani hicho ndicho kilima cha hospitali. Kazi ya tiba ilianza hapo mwaka 1913, zama za daktari Albert Cook, na jumba kubwa tulionalo leo lilikamilika mwaka 1962, mwaka ule ule nchi yetu ilipojipatia uhuru. Ni katika Mulago ambamo daktari Denis Burkitt alichunguza uvimbe wa taya za watoto, akauandikia ulimwengu habari zake mwaka 1958. Taasisi ya Saratani ya Uganda nayo ikaanzishwa papo hapo mwaka 1967.

Lakini Mulago ninayotaka kukutembeza leo si ile ya juu, yenye wodi na jenereta. Ni ile ya chini, ya nyumba za kupanga, ambako watu hurudi jioni na kufunga milango yao. Na habari ninayokuletea ni ya joto na baridi ndani ya nyumba, na ya usiku mmoja wa mwezi wa Aprili ambao vitu hivyo viwili vilitaka kutuulia watoto.

Ukishuka kutoka hospitali kuelekea kaskazini, utafika kwenye mzunguko wa Kubbiri, inakoanzia barabara ya Gayaza kwenda soko la Kalerwe. Kabla hujafika sokoni, iache lami uingie vichochoroni. Utaona safu za nyumba za matofali zilizoezekwa kwa bati, kila safu na vyumba vyake vinne au sita, kila chumba na mlango wake, kila mlango na baraza yake ndogo ya saruji. Humo hukaa wauguzi na wafagizi wa hospitali, wanafunzi waliokosa bweni, wachuuzi, makarani kama mimi, na jamaa wengi wa askari na polisi ambao wenyewe wako kazini mbali. Bondeni kabisa hupita mfereji wa Nsooba, na mvua kubwa ikinyesha, walio karibu nao hulala wakiyasikiliza maji.

Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyumba huwa na mitambo ya kuleta joto wakati wa theluji, na nyingine huwa na mitambo ya kuleta ubaridi wakati wa jua kali. Mtambo ukiharibika usiku, mwenye nyumba humwita fundi kwa haraka kama sisi tunavyomwita mkunga. Sisi wa Kampala hujiona tumesalimika na taabu hiyo. Mji wetu uko jirani na mstari wa Ikweta, lakini umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari. Mchana joto aghalabu hufika nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Ni hali ya hewa ambayo wageni huisifu.

Hata hivyo, msomaji, usidanganyike. Kila nyumba ya Mulago ina mtambo wake wa joto, nao ni sigiri, yaani jiko la makaa. Na nyumba nyingi zina mtambo wa baridi, nao ni jokofu. Sigiri huivisha chakula, huchemsha maji ya kuoga watoto, na wakati wa mvua huombwa kazi ya tatu, ambayo nitaieleza. Jokofu huhifadhi maziwa na nyama, hugandisha maji ya kuuza kwa wenye kiu, na katika nyumba chache huhifadhi kitu kimoja ambacho hakina bei, yaani dawa ya mtu asiyeweza kuishi bila dawa hiyo.

Nyumba ya jirani yangu ni mojawapo ya hizo chache. Sisi humwita Nnaalongo, kama wanavyoitwa mama wa mapacha katika Buganda. Mumewe ni askari, na wakati wa habari hii alikuwa kazini Somalia. Mdogo wa mapacha wake, msichana wa miaka tisa, ana kisukari cha aina ile inayowapata watoto, ambayo mwili hauwezi kutengeneza insulini yake wenyewe. Mtoto wa namna hiyo huishi kwa sindano. Akizikosa kwa siku moja au mbili tu, uhai wake huwa hatarini. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ndiyo sababu Nnaalongo alinunua jokofu kabla ya kununua viti.

Siku hiyo mvua ilianza saa kumi na mbili jioni. Haikuwa mvua ya kunyesha na kupita. Ilikuja na upepo wa kutikisa bati, na ilipofika saa moja tukasikia tawi la mti likivunjika upande wa barabarani, kisha giza likatanda mtaa mzima. Umeme wa maji umekuwa ukitoka Jinja tangu mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, na mwaka 2024 lilizinduliwa bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600. Umeme umekuwa mwingi kuliko zamani. Lakini waya unaoufikisha mlangoni bado hupita chini ya matawi, na upepo hauulizi ukubwa wa bwawa.

Mke wangu alikuwa amekwisha bandika maharage barazani. Mvua ilipoanza kuruka na kuyafikia makaa, mimi mwenyewe niliichukua sigiri kwa vitambaa viwili nikaiingiza ndani. Maharage yakaiva. Wakati huo chumba kilikuwa kimepata vuguvugu zuri, watoto walikuwa wanatetemeka kwa baridi, na katika sigiri yamebaki makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe. Tangu mwezi wa Mei 2023, Rais alipotoa amri ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara katika mikoa ya kaskazini, makaa ni kitu cha kuhesabu nyumbani. Nani angeyamwagia maji makaa mazima usiku wa baridi? Nikayaacha yawake. Dirisha tulilifunga kwa ajili ya mvua, na chini ya mlango mke wangu aliweka gunia ili maji yasiingie.

Nnaalongo alipoona kwake kuna giza na baridi, aliwaleta mapacha wake wakae kwetu. Tukawa watu saba katika chumba kimoja: sisi wawili, watoto wetu watatu na mapacha. Yeye alirudi kwake kulinda jokofu.

Mnamo saa mbili na nusu umeme ulirudi, lakini ulirudi kwa udhaifu. Taa iling'aa kama kaa la moto, nyekundu. Ikakaa hivyo dakika kadhaa, ikawaka ghafla kwa nguvu, ikazimika tena. Kutoka kwa Nnaalongo tulisikia jokofu likijaribu kuanza: mlio wa kugonga, kisha mngurumo mzito, kisha kimya. Likarudia hivyo mara kadhaa. Mara akatokea mlangoni na tochi ya simu mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, kwani mtaani huniita hivyo ingawa siku hizi nashika mafaili tu, "jokofu limetoa harufu ya kuungua. Nimezitoa dawa za mtoto nikazitia katika bakuli la barafu. Nisaidie kumpata fundi."

Fundi tuliyemfahamu ni mzee mmoja aliyestaafu jeshini, anayekaa safu ya tatu kutoka kwetu na kutengeneza majokofu, feni na pasi katika kibanda chake. Watu wote humwita Afande. Nilimpigia simu, naye akasema atakuja mvua ikipungua kidogo. Tulipokuwa tukimngoja, mke wangu aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Yule mtoto mwenye kisukari alikuwa amelala ubavu, akilalamika kwamba kichwa kinampasuka. Alitaka kutapika, na macho yake yalikuwa mazito.

Nnaalongo alipiga magoti kando yake. "Ni sukari," alisema. "Imepanda. Jokofu limekufa na sukari imepanda." Akakimbilia kwake kuchukua sindano, na sisi sote tuliona kwamba amesema kweli, kwani mtoto mwenye kisukari akiumwa kichwa na kusinzia, ni nini tena kama si kisukari?

Afande aliingia wakati huo, koti lake likidondosha maji. Hakuuliza jokofu liko wapi. Alisimama kizingitini akaitazama sigiri, akalitazama dirisha, akalitazama gunia la chini ya mlango.

"Nani mwingine kichwa kinamuuma?" aliuliza.

Mwanangu wa pili aliinua mkono. Mke wangu akasema cha kwake kilianza tangu chakula. Ndipo nilipotambua kwamba hata mimi paji la uso lilikuwa likinigonga, nami nilidhani ni uchovu wa kazi.

"Wote nje," alisema Afande, si kwa sauti kubwa, lakini kwa ile sauti ambayo askari huitii kabla ya kuielewa. "Barazani. Mvua haiui. Mwalimu, fungua dirisha na mlango. Sigiri niachie mimi." Akaibeba akaitupa uani, na makaa yakazizima katika maji.

Tulikaa barazani tumejifunika mablanketi. Musawo, kama tunavyowaita waganga na wauguzi huku, alikuwa amerudi kutoka zamu ya mchana, akaja kutoka mlango wa pili. Alimkuta Nnaalongo ameshika sindano iliyojaa. Akamshika mkono kwa upole.

"Umepima?"

"Sijapima, Musawo. Ninaona tu hali yake."

"Basi tupime kwanza, mama yangu."

Wakamtoboa mtoto kidole, wakasoma kile kipimo kidogo kwa mwanga wa simu. Sukari yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa amechomwa sindano yake ya jioni kama ilivyo desturi, naye alikuwa amekula. Laiti angechomwa nyingine juu ya ile, sukari ingemshuka usingizini, na asubuhi huenda tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Musawo hakuridhika na baraza yetu. Alisema hewa ya makaa ikiisha kuingia katika damu haitoki upesi, na kwamba watoto wote lazima waangaliwe. Tukatafuta gari la jirani, tukawapandisha kilimani usiku ule ule. Waliwekewa hewa ya oksijeni, na kulipokucha tukarudi nao wote watano wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Asubuhi, mvua ikiwa imekatika na Nsooba bado inanguruma bondeni, Afande alinieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Damu yetu huipenda kuliko oksijeni, hivyo huishika na kuiacha oksijeni, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu na usingizi. Aliyekwisha lala huenda asiamke. Tena hewa hiyo hutoka hata moshi ukiwa umekwisha. Mimi niliyaona makaa mekundu, masafi, yasiyo na moshi, nikafikiri ndiyo salama. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakitumaliza.

"Jokofu lililoharibika lingewangoja hadi asubuhi," aliniambia. "Sigiri isiyoharibika isingewangoja."

Tukaenda kwa Nnaalongo kutazama zile dawa. Kulikuwa na chupa nne. Tatu zilizofungwa zilikuwa katika bakuli la barafu, na ya nne, iliyokuwa ikitumika, ilibaki mezani kwa kusahauliwa. Katika zile tatu, moja ilikuwa imegusana na bonge kubwa la barafu usiku kucha, na Musawo alipoiinua aliona dawa imeganda. Akaiweka kando. Alisema insulini iliyoganda imekwisha kuharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri kama zamani, na haifai kuchomwa mtu. Mbili nyingine zilikuwa zimezungukwa na taulo, nazo hazikuganda.

Na ile ya mezani, iliyosahauliwa? Ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi za insulini, yaweza kukaa nje ya jokofu kwa muda wa wiki nne hivi, maadamu chumba hakizidi joto lililoandikwa katika karatasi ya dawa, na jua haliifikii. Usiku wa mvua katika Mulago chumba hakina joto kali. Kwa hiyo mtoto hakuwa na hatari ya kukosa dawa usiku ule, na hofu yetu ndiyo iliyotupokonya chupa moja nzima. Nnaalongo aliishika ile chupa iliyoganda muda mrefu bila kusema neno. Mwenye kujua bei ya chupa hiyo na foleni yake atamwelewa.

Musawo alimwonyesha namna ya kungojea umeme bila barafu. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kitie ndani ya kingine kikubwa zaidi, jaza mchanga katikati yao, uumwagilie maji mchanga huo asubuhi na jioni. Dawa ikae ndani ya chungu kidogo, imefungwa katika mfuko usiopitisha maji, na juu funika kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto na kuondoka nalo, kama mtungi wa bibi zetu ulivyopoza maji ya kunywa. Wakati wa ukavu chungu hupoza vizuri. Wakati wa mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoza kidogo tu. Hakifikii baridi ya jokofu, lakini hakigandishi dawa kamwe.

Ndipo Afande alipoligeukia jokofu. Alichomoa waya ukutani kwanza, akalivuta mbele, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa, yaani ile pampu nyeusi iliyo chini kwa nyuma. Akatoa kidude kidogo kuliko kiberiti, kimeungua upande mmoja. Ni rilei, kifaa kinachoisukuma kompresa kuanza. Alinieleza kwamba watu wengi huogopa umeme ulio na nguvu nyingi, nao hufanya vyema kuuogopa, lakini umeme hafifu nao huharibu. Nyumba zetu hutakiwa kupata volti 240. Zikishuka sana, mota ya jokofu hukosa nguvu ya kuzunguka, husimama na kunguruma, na huku inavuta mkondo mkubwa unaounguza kila kilicho njiani. Ule mngurumo tuliousikia usiku ulikuwa kilio cha mota iliyokwama. Laiti Nnaalongo angelichomoa jokofu mara tu giza lilipoingia, rilei ingekuwa nzima.

Kompresa yenyewe ilikuwa imepona. Rilei mpya ilipatikana Wandegeya, na kazi yote pamoja na kifaa ikagharimu shilingi elfu thelathini. Nilimuuliza kwa nini hakuitengeneza usiku ule ule kwa mwanga wa tochi. Akanionyesha kibandiko nyuma ya jokofu chenye maandishi R600a. Majokofu mengi mapya, alisema, hutumia gesi ya namna hiyo, ambayo hushika moto. Mtu hafungui wala hachomelei mabomba yake gizani, katika chumba kidogo, jirani na sigiri. Fundi anayekubali kufanya hivyo kwa sababu umemlilia, mrudishe kwake.

Alipomaliza aliitazama pia sigiri yangu, iliyolala uani imejaa maji. Kikombe chake cha udongo kilikuwa kimepasuka. Sigiri za namna hii, zenye bati nje na udongo ndani, zilienea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nasi huku tunazo nyingi, kwani udongo huzuia joto lisipotee na makaa hutumika machache. Ufa mdogo huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, ukaachwa kivulini siku kadhaa ukauke, kisha ukawashiwa moto mdogo kabla ya moto mkubwa. Ufa mpana hauzibiki, na kilicho bora ni kununua kikombe kipya. Lakini Afande alinionya nisije nikadhani kwamba sigiri bora ni sigiri ya kulala nayo. Hutumia makaa machache, lakini hewa yake ni ile ile.

Ndugu msomaji, najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mko mbali na nyumba zenu, wengine kambini, wengine nje ya nchi. Nyumbani mmewaacha watu ambao siku moja watakutwa na usiku kama ule. Kwa hiyo nakuomba uwasomee au uwatumie haya machache.

Kwanza, umeme ukikatika, chomoeni jokofu papo hapo. Ukirudi, ngojeni dakika kumi, mtazame taa kama inang'aa sawasawa, ndipo mlichomeke. Pili, jokofu lililozimika msilifungue fungue. Likifungwa vizuri hutunza baridi yake kwa muda wa saa nne hivi, na kila mkilifungua mnaitoa nje. Tatu, dawa isiguse barafu. Ulizeni mapema, siku ya amani, dawa yenu yaweza kukaa nje kwa muda gani na kwa joto gani, mkaandike jibu hilo mahali panapoonekana. Nne, mgonjwa wa kisukari apimwe kwanza kabla ya kuongezwa sindano. Tano, sigiri isiingizwe chumba cha kulala hata kwa dakika moja ya kuota, iwe na moshi au haina. Mvua ikinyesha, pikeni mapema, au jengeni kipaa kidogo cha bati barazani. Watoto wakisikia baridi, wapeni nguo, blanketi na uji wa moto. Na ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja karibu na makaa, msitafute dawa ya kichwa. Tokeni nje wote, kisha nendeni hospitali.

Jioni ya siku ile nilipanda tena hadi juu, mahali ambapo barabara huinuka na paa za mtaa wetu huonekana zote. Bati zilikuwa zimeoshwa, zinang'aa. Barazani watu walikuwa wakiwasha sigiri zao, na moshi mwembamba ukipanda kutoka kila safu. Niliihesabu safu yetu hadi nikauona mlango wetu, na watoto wakikimbizana mbele yake. Walikuwa watano.

Niliporudi nilimkuta Nnaalongo akizungumza na mumewe kwa simu. Alimweleza habari ya jokofu na ya chupa iliyoganda, kisha akanyamaza, akamweleza na ile nyingine. Baadaye aliniambia kwamba mumewe aliuliza jambo moja tu: namba ya fundi imeandikwa wapi? Nnaalongo akajibu kwamba iko katika simu. Mumewe akauliza, na simu ikizimika moto?

Ndiyo maana leo, ukiingia katika safu yetu, utaona juu ya kila mlango, kwa ndani, namba mbili zimeandikwa ukutani kwa kipande cha kaa: ya Afande na ya Musawo. Mwenye nyumba alinung'unika kwamba tunamchafulia rangi. Kisha naye akaandika kwake.